Jinsi ya Kumfuatilia Mtoto Aliyetibiwa Saratani ya Ubongo wa Kisogoni

Ikiwa umerudi Kigoma na mtoto aliyetibiwa medulobilastoma, yaani saratani inayoanzia katika serebelamu, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni na inayoratibu mwendo na mizani ya mwili, anza kwa kununua daftari.

Kila wiki, mtandikie mkeka umwombe atembee juu ya mshono wa ukili, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Kisha aguse pua yake na kidole chako kwa zamu. Akiyumba kuliko wiki iliyopita, kidole kikitetemeka kinapokaribia chako, au akiinamisha kichwa upande mmoja ili aone vizuri, andika tarehe na umjulishe daktari mapema. Maumivu ya kichwa ya alfajiri yanayoambatana na kutapika hayasubiri daftari: mpeleke Hospitali ya Maweni siku hiyo hiyo, hasa ikiwa amewekewa mrija wa kupunguza maji kichwani, kwa kuwa mrija ulioziba huleta dalili hizo hizo. Nakusihi usimpe dawa ya malaria kwa kukisia.

Ukipewa rufaa ya Muhimbili, beba picha zote za MRI za zamani, maana daktari huzilinganisha na mpya. Uliza pia kundi la uvimbe: watafiti wametambua makundi makuu 4, na baadhi hurejea pale pale palipopasuliwa, ilhali mengine huibukia zaidi kwenye utando wa ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo picha ya mgongo isiachwe.