Mnataka kuwasaidia wazee na matengenezo ya nyumba? Anzeni hivi

Kama mmejikusanya watu kadhaa mnataka kujitolea kuwasaidia wazee na matengenezo ya nyumba na shughuli za kila siku, nyundo iacheni kwanza. Nendeni mkakae na mzee mumuulize yeye mwenyewe anasumbuliwa na nini, manake mara nyingi tunaingia na mipango yetu, tunataka kupaka rangi ukuta mzima, kumbe shida yake ni kitasa kinachomgomea kila asubuhi. Nyumba ni yake. Hata kama aliyewaita ni mtoto wake, anayeamua ni mzee, na akisema kabati lile lisiguswe basi lisiguswe.

Alafu mwombe awatembeze, kutoka kitandani mpaka chooni, jikoni, mlango wa nje. Usiangalie nyumba tu, angalia mikono yake anashika wapi akitembea. Ukiona anaegemea kiti kinachoyumba, au ukutani kuna alama za viganja sehemu moja, hapo ndo pa kuanzia kazi.

Mimi nasema kuzuia kuanguka kuje kabla ya kitu kingine chochote. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni wenye miaka zaidi ya 60. Na kuzuia hakuhitaji hela nyingi: zulia dogo linaloteleza liondoe (kwa ruhusa yake) au ulibane chini, waya wa ekstensheni uliokatiza njia upitishe pembeni mwa ukuta, weka balbu yenye mwanga wa kutosha kwenye korido na taa ndogo ya usiku kwenye njia ya chooni, kingo za ngazi zipake rangi inayotofautiana na sakafu ili aone hatua inaishia wapi.

Bafuni ndo msifanye haraka kabisa. Mzee anahitaji mshikio wa chuma karibu na choo na pale anapoogea, na tafadhali reli ya taulo sio mshikio, haikutengenezwa kubeba mtu, siku akiteleza itang'oka naye. Kabla ya kutoboa mwambie asimame au akae kama kawaida yake, anyooshe mkono, weka alama ya penseli pale unapofika bila kujivuta, usikadirie kwa urefu wako wewe. Ukuta wa tofali au zege toboa kwa drili, weka vile viplastiki vya kushikilia skrubu, na kama ni ukuta wa bodi lazima skrubu zikamate mbao iliyo nyuma yake. Ukimaliza vuta kwa nguvu zako zote. Mshikio ukicheza hata kidogo, haujafungwa.

Koki inayovuja mara nyingi ni mpira wa ndani umechoka, funga maji kwenye koki kubwa, fungua ile inayovuja utoe mpira, nenda na ule wa zamani dukani ili upate saizi ileile. Umeme mimi siwashauri mguse zaidi ya balbu, soketi ikiwa ya moto ukiigusa au swichi inatoa cheche zimeni meni swichi mkamwite fundi umeme mwenye leseni. Ngazi ya kuegemeza, kila mita 4 kwenda juu miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani, na mwenzako awe chini ameishika. Mzee asipande, hata akisisitiza alikuwa fundi enzi zake.

Kuna kazi nyingine sio za fundi, sokoni, dawa, kujaza fomu. Hapa kinacholinda uaminifu ni utaratibu, kwaiyo nendeni wawili wawili, andika orodha ya vitu mbele yake, leta risiti na chenji umhesabie mkononi. Namba ya siri ya benki usiipokee hata akikupa kwa moyo mweupe. Dawa unaweza kumchukulia na kumsomea maandishi yakiwa madogo, ila kupunguza, kuongeza au kuunganisha ni kazi ya daktari na mfamasia. Na ukifagia au kupanga vyombo rudisha kila kitu palepale ulipokikuta, mtu anayeona kwa shida au anayesahau anaishi kwa mazoea, ukimhamishia birika umempoteza ndani ya nyumba yake.

Kabla ya kuondoka mwache mzee afungue koki mwenyewe, azungushe kitasa, ashike mshikio, manake kitu kinaweza kuwa chepesi kwako kikawa kigumu kwa vidole vyenye maumivu ya viungo. Okoteni misumari na vumbi lote. Mwandikieni kwa herufi kubwa namba ya mtu mmoja wa kumpigia, sio namba za kundi zima, na mkisema mtarudi siku fulani mrudi, ikishindikana mpigieni mapema asikae anawangoja. Mkirudi kazeni skrubu za mshikio, huwa zinalegea.