Somo: Kuvuta gari lililoharibika kwa chuma, magurudumu yote manne yakiwa chini

Ndugu wanachama, somo hili linahusu kuvuta gari bovu huku magurudumu yake yote yakigusa barabara, pamoja na namna ya kuchagua chuma cha kuvutia. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kamba inafaa kulitoa gari matopeni au kulisogeza pembeni ya barabara, lakini safari ya kulifikisha gereji inahitaji chuma, yaani fimbo ngumu inayounganisha magari mawili, kwa sababu kamba haina uwezo wowote wa kulizuia gari la nyuma lisiligonge la mbele.

Hatua ya kwanza ni kutambua aina ya gia boksi kabla ya kufunga chochote, kwani hapa ndipo gari lenye hitilafu ndogo hupata hitilafu kubwa. Katika gari la otomatiki, pampu inayosambaza mafuta ndani ya gia boksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, magurudumu yanayoendesha gari huzungusha vyuma vya ndani bila mafuta ya kutosha, navyo hupata joto na kusagika hata kama gia imewekwa kwenye N. Vitabu vya mwongozo vya magari mengi ya Toyota huruhusu uvutaji wa namna hii kwa dharura tu, kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa na umbali usiozidi kilomita 80. Gari la haibridi kama Prius lisivutwe kabisa magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa kuwa mota yake imeunganishwa nayo na huzalisha umeme yanapozunguka. Gari la gia za mkono likiwekwa nyutro kwa kawaida huvumilia zaidi, na kama linaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, fundi anaweza kufungua propela shafti, yaani fimbo inayounganisha gia boksi na magurudumu ya nyuma, ili gia boksi isizunguke. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Hatua ya pili ni breki na usukani wa gari linalovutwa. Servo ya breki, yaani kifaa kinachoongezea nguvu mkanyago wa dereva, hutegemea injini. Injini ikizima, pedali husaidiwa kwa mikanyago miwili au mitatu, kisha inakuwa ngumu na humlazimu dereva kukanyaga kwa nguvu zake zote. Usukani nao huwa mzito. Ufunguo ubaki kwenye swichi katika nafasi inayofungua kufuli ya usukani, wala usichomolewe hadi mwisho wa safari. Ikiwa breki zenyewe ni mbovu, usivute. Ita gari la kubebea.

Hatua ya tatu, kuchagua chuma. Kuna chuma kilichonyooka chenye tundu au ndoano kila upande, ambacho humhitaji dereva katika gari la nyuma, na kuna chuma chenye umbo la herufi A, ambacho hufungwa sehemu mbili mbele ya gari linalovutwa na kuyaongoza magurudumu yake chenyewe. Hicho cha pili ndicho wanachotumia Wamarekani wanaosafiri na nyumba za magurudumu huku wakivuta gari dogo nyuma, ila wao huongeza kifaa cha kulifungia breki gari hilo. Kwa dharura za barabara zetu, cha kwanza kinatosha. Tafuta kilichogongwa muhuri wa uzito kinaoweza kuvuta, na uzito huo uzidi ule wa gari likiwa na mizigo yake. Chuma kilichochomelewa kutokana na bomba la maji sikishauri hata kikionekana kinene, kwa sababu nguvu yote hukusanyika penye maungio ya tundu, na ufa wa hapo hauonekani hadi siku kinapokatika. Chuma cha umbo la A kikitumika, hakikisha kikombe chake kinalingana na kipimo cha tufe la chuma la kuvutia lililo nyuma ya gari la mbele, ambalo mara nyingi ni milimita 50.

Hatua ya nne, funga kwenye jicho la kuvutia lililotengenezwa na kiwanda. Magari mengi madogo huja na jicho la kukazwa kwa kuzungusha, linalohifadhiwa pamoja na jeki. Likaze hadi mwisho, ukikumbuka kwamba kwa Volkswagen nyingi jicho hilo hukazwa kwa kuzungusha kushoto. Usifunge kwenye bampa, wala kwenye mikono ya saspensheni, wala kwenye matundu ya kufungia gari melini. Chuma kilale karibu usawa na ardhi, kisha ongeza mnyororo wa akiba.

Hatua ya tano, mwendo. Gari linalovuta lisiwe jepesi kuliko linalovutwa. Madereva wakubaliane ishara kabla ya kuondoka, yule wa mbele aanze taratibu na afunge breki mapema, na asirudi nyuma akiwa na mzigo huo.

MASWALI

Mwanachama wa Nakuru: Toyota Fielder yangu ya otomatiki imezima. Naweza kuivuta hadi Nairobi kwa chuma?

Jibu: Hapana, ndugu. Umbali huo ni takriban mara mbili ya kilomita 80, na kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa mngekaa barabarani zaidi ya saa tano. Gharama ya gari la kubebea ni ndogo kuliko ya gia boksi.

Mwanachama wa Tanga: Je, abiria wanaweza kubaki ndani ya gari linalovutwa?

Jibu: Abaki dereva peke yake, tena mwenye leseni na aliyefunga mkanda.

Mwanachama wa Iringa: Pikapu ya gia za mkono, breki nzima, injini imekufa. Tunaweza kushuka nayo Kitonga kuelekea Morogoro?

Jibu: Sishauri. Katika mteremko mkali wenye kona kama ule, gari la mbele hubeba kazi ya kusimamisha uzito wa magari mawili, breki zake hupata joto na kuanza kupoteza nguvu, na dereva wa nyuma hana servo ya kumsaidia. Liacheni Iringa litengenezwe, au lishuke likiwa limepakiwa juu ya lori.