Saa tatu usiku cherehani inazimwa

Mwaka 2016, Idi ikiwa imebaki wiki moja, nilikesha siku tano mfululizo nikishona. Mimi ni fundi cherehani, Mbagala, na msimu ule magauni ya watoto yalikuwa yamerundikana hadi mlangoni. Sikuchoka, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Siku ya nne nilikwenda Kariakoo nikachukua majora 14 ya vitenge kwa mkopo, nina hakika kabisa kwamba nafungua kiwanda. Siku ya sita nilikuwa naongea bila kituo, nawafokea wateja, na kaka zangu wakanibeba mpaka hospitali.

Daktari alimuuliza mama kama niliwahi kuwa kinyume cha hivi. Mama akakumbuka ile miezi mitatu ya mwaka uliotangulia, nimelala nimegeukia ukutani, kuoga hata sitaki. Kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja, baipola: unampandisha mtu, kisha unamshusha. Hauishi kwa dozi ya wiki moja. Unatunzwa, kama presha inavyotunzwa.

Nakuandikia wewe uliyetoka kliniki leo na cheti mkononi, hujui uanzie wapi. Anza na dawa, na usiziache siku utakapojisikia mzima. Mimi niliziacha 2018 kwa sababu hiyo hiyo, kimyakimya, bila kumwambia mtu. Wiki chache tu nikarudi wodini. Tangu 2019 sijalazwa.

Ninayotumia mimi ni lithiamu. Wengine hupewa sodiamu valproeti, kabamazepini au olanzapini, na kila moja ina masharti yake, uliza yako. (Ukiwa mwanamke unayetarajia kuzaa, mwambie daktari kabla hujashika mimba, maana valproeti hasa inaweza kumdhuru mtoto tumboni.) Lithiamu ni aina ya chumvi, na ukilishika hilo mengine yataeleweka. Figo ndizo zinazoitoa mwilini. Mwili ukipungukiwa maji au chumvi, figo huing'ang'ania, ikapanda kwenye damu mpaka ikawa sumu.

Kwa hiyo mimi na chupa ya maji hatuachani, hasa Februari, chini ya mabati. Chumvi siiongezi wala siipunguzi ghafla eti kwa sababu jirani ana presha. Nikiharisha au kutapika, napiga simu kliniki kabla ya kumeza dozi inayofuata. Na nimeacha diklofenaki. Hili mafundi wenzangu walisikie, maana mgongo wa cherehani tunaujua, na dukani vidonge hivyo tunavinunua kama peremende. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha lithiamu kwenye damu. Dawa za presha zile za kukojosha nazo vilevile. Maumivu yakizidi natumia parasetamoli, na kila duka la dawa ninaloingia natanguliza kusema natumia lithiamu.

Vidole kutetemeka kidogo ni jambo la kawaida. Mwezi wa kwanza nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikalia, nikidhani kazi yangu imekwisha. Daktari alipunguza dozi kidogo, nikanunua kile kidude cha kutungia uzi, nikaendelea. Lakini mkono ukitikisika hadi chai inamwagika, ukawa unatapika au kuharisha, unapepesuka, ulimi mzito, hiyo si kawaida. Usimeze tena, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Damu ya kupima kiwango cha lithiamu hutolewa zikishapita saa 12 tangu dozi ya mwisho. Nameza saa tatu usiku, basi saa tatu asubuhi niko maabara. Daktari wangu anataka namba yangu iwe kati ya 0.6 na 0.8. Figo na tezi ya shingo napimwa kila miezi 6, na majibu yote nayabandika kwenye daftari moja, kwa sababu daktari wa mwezi huu huenda si yule wa mwezi uliopita. Dawa huadimika pia. Zikibaki za siku kumi naanza kutafuta. Nisingoje kopo likauke.

Swaumu ilinisumbua moyo kuliko yote. Kufunga kutwa kwenye joto la Dar, bila tone la maji, na lithiamu mwilini, ni hatari, na daktari alinikataza. Nilijiona nimekosa Ramadhani nzima. Nikaenda kwa sheikh wetu, nikamweleza kila kitu, akanisomea aya ya 184 ya Suratul Baqara. Mgonjwa asiyetarajia kupona ugonjwa wake, akasema, hutoa fidia: kumlisha maskini kwa kila siku aliyokula. Nilitoka msikitini nimetua mzigo. Wewe pia zungumza na wote wawili, daktari na sheikh.

Mama mwanzoni aliamini ni pepo. Sikubishana naye. Kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa, aliloniletea nililinywa, maana ni dua ya mzazi, na vidonge nikameza vilevile. Nilichokataa ni mitishamba ya kuharisha na kutapisha "kusafisha tumbo". Sasa unajua kwa nini. Nilimwambia, "Mama, hii itanikausha maji, dawa igeuke sumu." Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mwanangu, utameza hivyo vidonge mpaka lini?" Nikamjibu kama anavyomeza yeye vya sukari.

Dawa zilinituliza. Kujijua nilifundishwa na mwanasaikolojia, dada mmoja mpole niliyemwendea miezi minne, kila Jumatano. Hakunipa mawaidha. Aliniuliza tu: "Kabla ya yale majora, kilitangulia nini?" Tukarudi nyuma siku baada ya siku. Kabla ya majora kulikuwa na maneno mengi. Kabla ya maneno, rangi za nguo zilikuwa zinang'aa kupita kawaida. Kabla ya rangi, usingizi ulikuwa umeshuka hadi saa mbili. Kila nilipopanda, usingizi ulikuwa umetangulia.

Ndiyo maana kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, kila asubuhi naandika saa nilizolala. Pembeni naweka alama: mshale wa juu, wa chini, au mstari. Nikilala chini ya saa tano mara mbili mfululizo, asubuhi ya tatu napiga simu kliniki. Sisubiri kujisikia vibaya, kwa sababu kupanda kunapoanza mtu hujisikia vizuri mno. Vinywaji vya kuongeza nguvu nimeviacha kabisa. Kahawa mwisho saa sita mchana. Natembea kila alfajiri mpaka sokoni na kurudi. Saa tatu usiku cherehani inazimwa, hata kama limebaki pindo moja.

Mshale wa chini ukijaa wiki nzima, nao ni wa kupigia simu. Na yakija mawazo ya kufa, mwambie mtu siku hiyo hiyo, usikae peke yako, akupeleke hospitali. Kopo la dawa linakaa kwa mdogo wangu, ananipa za wiki moja tu, maana lithiamu nyingi kwa mara moja inaua. Tulikubaliana nikiwa mzima, tukaandika na kutia saini: dalili zangu ni hizi, akiziona ananipeleka kliniki hata nikibisha, na namba ya siri ya akiba ya kazi anabaki nayo yeye. Fanya hivyo ukiwa na akili yako timamu. Ukishapanda hutakubali, na ukishashuka hutajali.

Nguo za Idi sasa napokea mpaka kumi la kwanza la Ramadhani liishe, kisha nabandika karatasi mlangoni. Mwaka wa kwanza nilipoteza wateja, na wengine walinuna. Anayekuja kumi la mwisho namwelekeza kwa kijana niliyemfundisha mwenyewe, mtaa wa pili, anashona vizuri na anaweza kukesha.