Bila ngano: mambo ya kupanga kabla tumbo halijaanza kukudai

Kama kuna mtu kakwambia ngano ndo inakumaliza na unataka kuiacha kuanzia kesho asubuhi, subiri kwanza. Usiache. Najua inachekesha, ila hili ndo la kwanza kabla ya mengine yote: kapime ukiwa bado unakula chapati na mkate wako kama kawaida. Siliaki ni ugonjwa wa mwili kutoivumilia gluteni, ile protini ya kwenye ngano, na kipimo chake cha damu kinaitwa tTG-IgA, kiandike kwenye karatasi umpe daktari, kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza kila gluteni inapoingia na zinaenda kushambulia utumbo wako mwenyewe. Ukikaa miezi bila ngano zinapungua, majibu yanatoka safi, unaambiwa huna kitu, na hapo ili upimwe tena itabidi urudi kula ngano wiki kadhaa huku unaumia. Omba pia wakupime IgA yote kwa ujumla, yaani ile aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho kinaitegemea, maana wapo watu ambao IgA yao iko chini tangu kuzaliwa, kwao kile kipimo cha kwanza kinadanganya. Alafu piga simu maabara kabla hujapanda daladala, siyo kila maabara wanacho. Kikionyesha kitu, kwa mtu mzima mara nyingi watapitisha kamera mdomoni wachukue vipande vidogo vya utumbo mdogo waviangalie.

Mimi nilizunguka miaka minne. Minyoo, amiba, taifodi, vidonda vya tumbo, vyote nimetibiwa, na damu inashuka tu, nameza vidonge vya madini ya chuma mpaka choo cheusi lakini damu haipandi. Nilipokuja kueleweshwa ndo nikajua kwanini: ndani ya utumbo mdogo kuna vinyweleo vidogo vidogo vinavyofyonza chakula, kwa mtu wa siliaki vinasagika vinabaki flati, sasa hiyo chuma itapita wapi? Ilikuwa inaingia na kutoka.

Na kabla hujaanza, jiandae na ile kauli ya "huo ni ugonjwa wa wazungu". Nilishaacha kubishana, nasema tu kwamba kati ya watu wanaojulikana kuathirika sana duniani ni Wasahrawi wa Sahara Magharibi, ni Waafrika hao, watoto wao walipopimwa miaka ya 90 zaidi ya 5 katika kila 100 walikutwa nao, wakati duniani kwa ujumla inakadiriwa ni kama mtu 1 kwa 100. Kwetu wanaopimwa ni wachache.

Jambo lingine la kupanga kabla ni maneno yako. Ukimwambia mama ntilie "sili gluteni" atakuangalia tu kama umemtukana. Sema "nina aleji ya ngano, nikila hata kidogo nalazwa". Kitaalamu siyo aleji, ni kinga ya mwili inajigeuka, lakini pale kwenye moshi na foleni ya watu kumi hakuna muda wa semina. Ngano ndo adui mkuu, wengine ni shayiri na rai, nafaka ndugu yake ngano. Rai huku huioni sana. Shayiri ndo ina mtego maana kuna pakiti za oti madukani zimeandikwa shayiri, na kuna shayiri yenyewe ile ya kutengenezea bia, kwaiyo usitegemee neno la Kiswahili pale, soma Kiingereza cha nyuma ya pakiti: wheat, barley, rye, malt, semolina. Oti yenyewe wengi wanaivumilia, shida inalimwa na kusagwa pamoja na ngano, kwaiyo kama haijaandikwa kabisa kwamba haina gluteni mimi siigusi. Malt nayo wengi inawachanganya kwasababu sisi tuna kimea chetu. Kimea cha ulezi au mtama cha kwenye togwa hakina neno, malt ya kwenye kopo la kinywaji cha dukani mara nyingi ni shayiri.

Sasa habari njema, na hapa ndo naona sisi tuna bahati kuliko mtu wa London anayenunua kimkate kidogo kwa bei ya kuku. Ugali wa sembe au dona, wali, muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi, mtama, ulezi, uwele, maharage, kunde, choroko, samaki, dagaa, nyama, mayai, nazi, mchicha. Vyote hivyo havina gluteni kwa asili yake. Mkate wa kumimina ni mchele na nazi, mkate safi kabisa ambao babu zetu walituachia bila kujua kuna siku utaokoa mtu. Vibibi pia. Adui anajificha kwenye vile vitu ambavyo hukumdhania: urojo ule uzito wake ni unga wa ngano, wengi hawajui hata wanaoupika wanasahau, katlesi zinaviringishwa kwenye chenga za mkate, kababu zinawekewa mkate ili zishikane, vitumbua vya kununua kuna wanaoongeza ngano kidogo visivunjike, bajia za dengu hivyo hivyo. Bokoboko ni ngano tupu. Suji, tambi, visheti, kaimati, usiulize. Soya sosi ya kawaida ina ngano, kwaiyo mishkaki iliyolowekwa kwenye soya sosi imeondoka. Unga wa lishe uliochanganywa "nafaka saba" hesabu hizo nafaka moja moja, ngano huwa ya tatu au ya nne.

Mashine ya kusaga naomba niikalie kidogo, mana hapa ndo niliumia muda mrefu bila kujua. Nilikuwa nimeacha ngano miezi mitano, nyumbani nakula ugali na samaki, na bado tumbo linajaa kama ngoma, vipele viwikoni. Siku moja nikaenda mwenyewe kusagisha badala ya kumtuma kijana. Nimesimama kwenye foleni, mbele yangu kuna mama wa maandazi kaleta ngano yake kilo ishirini, imesagwa, yule kijana wa mashine kapiga piga lile gunia la kitambaa linalotokea unga mara mbili, pa pa, vumbi jeupe limejaa mpaka kwenye nyusi zake, akanyoosha mkono "mama leta mahindi". Nikaganda pale. Yaani unga wangu wa kwanza kutoka pale wote ni wa yule mama.

Twende na hesabu. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni kisizidi milligramu 20 kwenye kilo moja. Unga wa ngano sehemu yake kama ya kumi ni gluteni. Kwaiyo robo gramu ya vumbi la ngano, ambayo ni kitu unachoweza kukipuliza kwenye kiganja, ikiingia kwenye kilo ya sembe tayari umeshavuka. Na pale pa pa pa haimwagiki robo gramu, inamwagika vijiko.

Dawa yake kabla ya kwenda: tafuta mashine inayosaga mahindi tu, zipo, uliza wauza sembe wa jumla wanasaga wapi. Ukikosa, ongea na mwenye mashine uwe wa kwanza alfajiri baada ya mashine kusafishwa, na kilo mbili tatu za kwanza za mahindi yako zipite uzitenge ziwe za kuku. Hata hivyo siyo salama mia kwa mia. Mimi mwisho nilinunua kimashine kidogo cha umeme, nasaga mchele na ulezi wangu nyumbani, mahindi nachukua ya mashine ya mahindi tu. Na nafaka yoyote ya gunia ichambue kwenye ungo kabla ya kuosha, utashangaa punje za ngano unazookota kwenye mtama.

Jikoni sasa. Kama unaishi peke yako umemaliza, toa ngano ndani pumzika. Kama mko familia, kabla hujapika chochote tenga vitu vinavyoshika unga: mwiko wa mbao, kibao cha chapati, chujio, kikaango kilichochubuka, mbuzi ya nazi kama inakaa karibu na unga. Vyangu nimevifunga uzi mwekundu. Sufuria ya alumini au bati ikioshwa vizuri kwa sabuni haina shida, usijitese kununua jiko zima. Blubendi iwe na kopo lako, kwasababu kisu kinatoka kwenye mkate kinarudi kwenye kopo na zile chenga zinabaki zinakusubiri. Mafuta yaliyokaanga maandazi usikaangie muhogo wako, hayo mafuta tayari ni ya ngano. Ndo maana chipsi za barabarani nauliza kwanza: hapa mnakaanga na sambusa? Akisita nusu sekunde naondoka.

Shughuli, jamani shughuli. Harusi na misiba ya kwetu huendi kula, unaenda kulishwa. Kabla ya siku yenyewe piga simu kwa anayesimamia jiko, siyo kwa bibi harusi, yeye ana yake. Muulize pilau linawekwa kiungo gani cha pakiti, mchuzi unafanywa mzito kwa nini, nyama inalowekwa kwenye nini. Pilau lenyewe la viungo vya kusaga halina neno. Alafu kula nyumbani kabla ya kutoka, ushibe kweli, ili pale usiwe na njaa ya kukufanya ujidanganye. Mimi nabeba kidishi changu kwenye mkoba na nafika mapema nipakuliwe kabla ule upawa haujapita kwenye kila sufuria.

Ramadhani ina raha yake na mitego yake. Futari ya asili iko upande wetu, muhogo wa nazi, magimbi, ndizi mbichi, viazi vitamu, uji wa mchele wa pilipili manga. Ila mkeka ni mmoja, kaimati ziko pembeni, sambusa pembeni, na mikono ni ile ile inamega huku inachovya kule. Naomba sahani yangu ipakuliwe kwanza kabla ya adhana, wala sioni aibu tena. Rafiki yangu Mkatoliki naye alinifundisha nisilolijua: hostia lazima iwe na ngano, isiyo na ngano kabisa Kanisa halikubali, ila zipo zenye gluteni ndogo sana, na mtu anaweza kupokea kwa kikombe cha divai peke yake. Yeye aliongea na paroko wiki moja kabla, akatengewa kikombe ambacho hakikudondoshewa kipande cha hostia. Siyo dakika tano kabla ya misa, wiki moja kabla.

Safari. Basi la mkoani linasimama dakika ishirini kwenye hoteli ambayo hujui hata jiko liko wapi, hapo huwezi kufanya mahojiano. Usiku wa kuamkia safari chemsha mayai sita, viazi, fungasha korosho au karanga ulizokaanga mwenyewe, ndizi mbivu, na chumvi kwenye kikaratasi. Njiani mahindi ya kuchemsha na mayai ya kuchemsha ya pale Chalinze yanafaa, yana ganda lake. Kuku wa kukaanga dirishani hapana. Ukienda kwa watu kukaa siku kadhaa tuma ujumbe kabla, mfupi, na upeleke unga wako mwenyewe, na useme ni zawadi, hakuna mwenyeji anayekasirikia zawadi.

Duka la dawa waulize wanga uliomo kwenye kidonge umetokana na nini, mara nyingi ni mahindi au viazi, lakini uliza. Panga pia kurudia kile kipimo cha damu baada ya miezi kama sita na baada ya mwaka kuona kama kinashuka, pamoja na wingi wa damu, chuma na vitamini D. Miezi ya mwanzo maziwa yanaweza kukusumbua, utumbo ukipona wengi wanarudi kuyanywa. Na ndugu zako wa damu, wazazi, watoto, wa tumbo moja, wapimwe hata kama hawaumwi, kwao uwezekano ni mkubwa kuliko kwa mtu wa kawaida, karibu mmoja kati ya kumi.

Na panga siku ya kuteleza, mana itakuja. Hakuna kidonge cha kuitoa ngano ikishaingia, wala ukijitapisha husaidii kitu. Unahitaji maji mengi, choo cha karibu na siku mbili za kutopanga mambo makubwa, na kama unaharisha na kutapika bila kukoma nenda hospitali usisubiri. Yangu ya mwisho ilikuwa Idi, wifi yangu alinihakikishia kwa kiapo katlesi hazina mkate, "nimetia viazi tupu wifi". Viazi tupu kweli, ila aliviviringisha kwenye chenga za biskuti mana mkate ulimwishia. Nililala na uji wa mchele wenye chumvi kidogo pembeni, nasikia simu inaita, naona jina lake, nikaigeuza kifudifudi mpaka kesho yake mchana.