Ukichoka na mchanga wa Kisiwani, panda Rondo

Wageni wangu wengi huja kwa ajili ya bahari. Wanashinda Kilwa Kisiwani siku tatu, wanapiga picha Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, wanakula pweza mpaka basi. Siku ya nne simu inaita: "Dada, huku kwenu hakuna kingine?" Kipo. Nendeni msitu wa Rondo, huku Lindi, tena usiku, na mwende kumsikiliza komba mdogo, mnyama wa usiku anayeruka mitini, zaidi kuliko kumtazama.

Msiunganishe safari na msitu siku moja. Kutoka Kisiwani mnavuka kwa boti hadi Masoko, mnatoka hadi Nangurukuru, ndipo mnashika barabara kuu ya kuja Lindi. Laleni mjini. Asubuhi piteni Mingoyo, mfuate lami ya Masasi hadi maeneo ya Mtama, halafu muanze kupanda kwa barabara ya udongo. Gari liwe la juu. Mimi napendelea Juni hadi Oktoba, maana mvua zikianza ule udongo unakuwa sabuni.

Rondo ni hifadhi chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo usijiingilie tu. Wasiliana na ofisi yao mapema, waambie wazi kwamba unataka kutembea usiku, na ulipe kwa namba ya malipo, si mkononi. Omba mwongozaji mzaliwa wa pale. Mimi humpima kwa swali moja: "Mjomba, komba mdogo analiaje?" Akitoa simu anionyeshe picha, naomba mwingine. Akiuiga mlio, nimepata mtu.

Huyo komba wa Rondo ana uzito wa kama gramu 60, sawa na yai la kuku, na mkia wake ni kama brashi ya kusafishia chupa. Wanasayansi walimtambua rasmi miaka ya 1990, na mlio wake ulisaidia sana kumtenga na wenzake. Duniani anapatikana kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania. Msimchanganye na komba mkubwa anayelia kama mtoto, yule wa kunywa pombe ya mnazi kwenye minazi ya watu.

Fikeni jua likiwa bado lipo, mpite njia mara moja mkiiona. Mtaona mivule michache mikubwa; mingi ilikatwa kwa mbao tangu enzi za mkoloni. Giza likiingia, zimeni taa zote msimame robo saa kimya. Kwanza utasikia mbu na tumbo lako mwenyewe. Halafu masikio yanazoea. Mlio wake ni mwororo, unakuja mbili-mbili, unarudiwa. Usiinue shingo kumtafuta huko juu: mara nyingi yuko kwenye vichaka, usawa wa kifua, akiruka kutoka kijiti hadi kijiti. Tochi ifungeni kipande cha kanga nyekundu. Mwanga mweupe unamkimbiza.

Vaeni suruali ndefu na soksi mzivute juu ya suruali, kwa ajili ya siafu na kupe. Na msishike mmea msioujua. Safari yangu ya pili niliteleza, nikadaka mmea wa porini unaotambaa, kumbe ni upupu! Nilijikuna mpaka nikatamani kulia. Mzee aliyetuongoza akanishika mikono: "Mwanangu, usikune, unausambaza." Akanipaka majivu, akayapangusa taratibu, akarudia mara tatu. Tangu hapo nabeba majivu kwenye mfuko wa nailoni, na wageni wananicheka hadi siku yanapowahusu.

Kurudi, simameni Mtama mkikuta akina mama wana ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa. Nunueni ya moto. Menyeni kwa kidole, mchovye kwenye chumvi yenye pilipili, na muachie dereva ya kwake kabla hajaanza kununa.