Jinsi ya kuomba kipimo cha MRI Mwanza kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa niuroni mota

Mkono wa mjomba ulianza kulegea akivuta nyavu za dagaa huko Sengerema. Miezi ikapita, nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada ikabonyea, na akivua shati unaona misuli ya bega ikichezacheza yenyewe chini ya ngozi. Ganzi hana. Daktari akataja ugonjwa wa niuroni mota, ule unaoua polepole neva zinazoamrisha misuli, akasema tukapige MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku.

Kabla ya foleni, jua unachokiomba. Kwa wagonjwa wengi wa ugonjwa huu, picha ya ubongo hutoka safi kabisa. MRI hupigwa ili kuondoa mashaka ya mambo mengine yanayofanana nao: uvimbe, kiharusi, na hasa pingili za shingo zinazobana mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo, maana hilo linaweza kufanyiwa upasuaji. Ugonjwa wenyewe daktari huutambua kwa kumchunguza mgonjwa na kwa kipimo cha umeme wa misuli, EMG. Kwa hiyo jirani akikuambia "MRI haijaona kitu, amepona," mwitikie tu kwa adabu.

Hatua ya kwanza ni rufaa. Anzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, halafu Sekou Toure ambayo ni ya mkoa, mpaka Bugando ambayo ni ya kanda. Inachosha, lakini bima hufuata ngazi hizo. Soma fomu kabla hujatoka chumbani kwa daktari. Iandikwe dalili zilianza lini, kiungo gani, na sehemu za kupigwa: ubongo na shingo. Yetu, tuliyopewa hospitali moja, iliandikwa "kichwa" tu. Tukarudi upya kwa ajili ya shingo, nauli mara mbili.

Hatua ya pili, malipo. Mwenye bima abebe kadi na kitambulisho, aulize kama kibali kinahitajika kabla ya kipimo. Asiye na uwezo apitie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya siku ya kipimo, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa.

Ya tatu, miadi. Piga simu idara ya radiolojia asubuhi ya kuamkia safari uhakikishe mashine inafanya kazi. Sisi wa Sengerema tuna daraja la Kigongo–Busisi tangu 2025. Ndugu zetu wa Ukerewe bado wanapangia safari ratiba ya kivuko.

Sasa siku yenyewe, ambayo watu wengi hawaandaliwi. Mgonjwa atalala chali bila kutikisika, na ubongo pamoja na shingo vinaweza kufika karibu saa nzima, mashine ikigonga kama nyundo. Mwenye ugonjwa huu misuli ya kupumua huweza kuwa imechoka, na mate humpalia. Mjaribuni nyumbani mkiwa naye: alale chali dakika 20. Akianza kuhema au kukohoa, mnyanyueni, na mwambieni mtaalamu wa mashine mapema, asije akagundua mgonjwa akiwa ndani.

Vyuma vyote nje. Taja kifaa cha moyo, vyuma vya mfupa, na chembe za chuma machoni kwa aliyewahi kuchomelea. Mjomba alivua saa na mkanda, akasema amemaliza. Mhudumu akamuuliza taratibu, "Na kiunoni, mzee?" Akacheka, akafungua hirizi yenye kibati, akanikabidhi nimshikie. Wakitaka kuchoma dawa ya kung'arisha picha, wataulizia kipimo cha figo.

Ukiondoka, chukua CD pamoja na ripoti ya maandishi, na umpelekee daktari aliyeagiza. Ya mjomba ilisomeka haina kasoro, kichwa na shingo, na hapo ndipo daktari alipochukua kalamu akaandika rufaa ya EMG.