Roki kwa watoto wanaoanza fidla: anza na mkono wa uta

Mwalimu mwenzangu, usisubiri vidole vya kushoto vikomae ndipo uwape watoto roki. Roki inabebwa na mapigo, na mapigo yako kwenye mkono wa uta. Watoto wetu wa Mtwara wamekulia kwenye ngoma, sindimba ikiwemo, kwa hiyo mapigo wanayo mwilini. Kazi yako ni kuyafikisha kwenye uta.

1. Tuni kwanza. Programu ya simu inatosha, noti A iwe hertzi 440. Kipindi cha mvua, Desemba hadi Aprili, vigingi huvimba na kukwama, vizungushe taratibu. Ala isiachwe juani, gundi huachia.

2. Ala chini, makofi juu. Hesabu nne: miguu ipige pigo la 1 na la 3, makofi pigo la 2 na la 4. Usiendelee mpaka darasa zima litulie hapo.

3. Uta. Hapa usiwe na haraka. Watumie sehemu ya uta iliyo karibu na mkono, mwendo mfupi, upana wa vidole vitatu tu. Nywele za uta zikae kwenye uzi kabla ya sauti: kandamiza, vuta, simamisha. Sauti ianze kama mtu anayetamka "ta", siyo "haa". Kisha uta ubaki juu ya uzi, usiinuliwe, ili kimya nacho kiwe kikavu. Kundi linalonyamaza pamoja tayari linasikika kama bendi.

4. Nyuzi mbili wazi. D na A kwa pamoja, bila kidole. Hiyo ndiyo kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya wapiga gitaa la roki: noti ya msingi na ya tano, bila ya tatu, hivyo si meja wala maina. G na D hutoa nyingine. Fidla na ndugu zake wakubwa, viola na selo, zote zina G, D na A. Kwenye kodi ya A, fidla wapige A na E. Viola na selo wabaki na A peke yake. Huna besi kubwa? Azima gitaa la besi la kwaya, nyuzi zake ni zilezile: E, A, D, G.

5. Kipande cha kurudia. Hesabu "moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na": D D D D G G A, kimya. G ni kidole cha tatu kwenye uzi wa D. Kwa selo ni cha nne. Waimbe kwanza, ndipo wapige.

6. Panga tabaka. Besi na selo washike D, viola wagonge kodi kwenye pigo la 2 na la 4, fidla wapige kipande. Anza na mapigo 80 kwa dakika. Ukifika 110 na pigo la 2 halijayumba, ongeza ngoma. Wasikilizishe Apocalyptica, kundi la wapiga selo wa Finland, waliotoa albamu ya nyimbo za bendi ya Metallica kwa selo nne mwaka 1996, kisha waulize mkono wa uta unafanya nini.